Maduka matatu, databesi tatu, hesabu hazilingani: nifanyeje?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia mfumo wa maduka matatu ya dawa ya familia: Kariakoo, Morogoro na Ifakara. Kila duka lina kompyuta yake yenye MySQL 8.0, kwa sababu mtandao wa Ifakara hukatika na hatuwezi kusimamisha mauzo. Kila siku saa tano usiku, skripti niliyoiandika kwa PHP huangalia kolamu ya muda wa mabadiliko, huchukua rekodi zilizobadilika katika majedwali ya bidhaa, stoki, wateja na mauzo, na kuzipeleka kwenye maduka mengine mawili. Miezi ya mwanzo ilikuwa sawa. Sasa stoki haifanani na kilichopo rafuni, bidhaa nilizofuta zinarudi, na risiti za Morogoro nimezikuta zimefunikwa na za Ifakara. Rafiki yangu mmoja anasema nihamie PostgreSQL, mwingine anasema nilipie mtandao mzuri nitumie databesi moja. Mimi nataka majedwali yawe sawasawa kila mahali, muda wote. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, kabla ya maelezo yoyote, leo usiku izuie hiyo skripti isifanye kazi. Toa nakala ya kila databesi kwa mysqldump, programu ya kunakili inayokuja na MySQL, andika jina la duka na tarehe kwenye faili, uiweke kwenye diski ya nje. Skripti kila ikipita inafunika ushahidi wa kilichoharibika jana yake, na ushahidi huo utauhitaji. Maduka yataendelea kuuza kama kawaida. Kitakachokosekana kwa siku chache ni taarifa za duka moja kuonekana kwenye jingine.

Sasa tuanze na neno lako la mwisho, "muda wote". Hilo halipatikani, na si kwa sababu MySQL ni dhaifu. Mwaka 2000 mtaalamu wa kompyuta Eric Brewer alitoa hoja, na mwaka 2002 watafiti Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kihesabu: mawasiliano kati ya seva yakikatika, inabidi uchague. Ama unakataa kuandika ili nakala zote zibaki sawa, ama unaendelea kuandika na kukubali kwamba nakala zitatofautiana mpaka mawasiliano yarudi. Hakuna programu inayokupa yote mawili, hata muuzaji wake aseme nini. Wewe tayari umeshachagua la pili, na umechagua vizuri, maana mama aliyekuja na mtoto mwenye homa huwezi kumwambia asubiri mtandao. Kwa hiyo lengo lako libadilike kidogo: kila duka lijue ukweli wake papo hapo, na lipate ukweli wa maduka mengine kwa kuchelewa, lakini ukiwa kamili na usiogeuzwa na mtu.

Rafiki zako wote wawili wana hoja. PostgreSQL ni databesi nzuri, na tangu toleo la 10 la mwaka 2017 ina uwezo wa kurudufisha majedwali uliyoyachagua tu kwenda seva nyingine. Lakini ukihamia huko na mpangilio ulionao sasa, makosa yaleyale yatasafiri kwa kasi zaidi, na utakuwa umetumia miezi kuhama bila kutibu kitu. Huyo wa databesi moja ndiye wa kumsikiliza kwa makini. Databesi moja haihitaji kusawazishwa na chochote. Kama Ifakara mtandao hukatika kwa dakika chache tu, ningekuambia uweke laini mbili za kampuni tofauti kwenye ruta moja, utumie seva moja, na mazungumzo yetu yaishie hapo. Ila angalia seva hiyo iko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia, na mtu aliyepangisha seva Ulaya alikosa hesabu za duka lake mwenyewe lililo mtaa wa pili. Kwa mwezi mmoja, andika kila mtandao unapokatika na unakaa muda gani. Ukikuta ni saa nzima au nusu siku, basi databesi tatu zina sababu ya kuwepo, na ndivyo nitakavyochukulia kuanzia hapa.

Twende kwenye chanzo. Skripti yako inaamini kwamba kusawazisha ni kunakili: rekodi iliyobadilika mwisho ndiyo sahihi, iandike juu ya nyingine. Kwa jina la bidhaa hiyo inaweza kupita. Kwa stoki ni balaa. Chukua amoksilini ya Morogoro. Asubuhi majedwali yote matatu yanasema boksi 40. Mchana Morogoro wanauza boksi 6, kwao panaandikwa 34. Jioni mtu wa Kariakoo anaingiza mzigo wa boksi 20 alioutuma Morogoro, kwenye kompyuta yake panaandikwa 60. Usiku skripti inafika, inakuta 34 na 60, inachagua iliyoandikwa mwisho. Morogoro wanaamka na 60. Rafuni zipo 54. Hakuna aliyekosea kuandika, hakuna aliyeiba, na bado kuna muuzaji ataulizwa boksi 6 zimekwenda wapi. Hili la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote katika mifumo ya aina hii: programu inakosea, mfanyakazi anakatwa mshahara.

Dawa yake ni kuacha kabisa kusafirisha salio. Salio ni jibu la hesabu, nalo likifika bila hesabu yake haliwezi kuunganishwa na jibu jingine. Kinachosafiri kiwe tukio lenyewe. Tengeneza jedwali la mienendo ya stoki ambalo rekodi zake huongezwa tu, hazibadilishwi wala hazifutwi: duka, namba ya mwenendo, bidhaa, aina, idadi, muda, aliyeandika. Mauzo ya Morogoro yataingia humo kama "MOR, 20418, amoksilini, mauzo, -6", mzigo utaingia kama "+20", na salio la Morogoro litakuwa jumla ya kolamu ya idadi kwa duka hilo. Mienendo ikifika Kariakoo leo au keshokutwa, ikitangulia ile ya mzigo au ile ya mauzo, jumla inatoka ileile 54. Hapo ndipo mtandao mbovu unapogeuka kuwa kero ya kuchelewa tu. Ukiona kujumlisha kila mara kunachelewesha ukurasa wa mauzo, weka jedwali la salio la kusomea, lakini kila duka lijikokotolee lake kutoka kwenye mienendo. Jedwali hilo halisafiri.

Jambo la pili linatokana na la kwanza. Kila rekodi iwe na duka moja tu lenye ruhusa ya kuiandika, na wengine waisome. Ukikaa na karatasi ukapitia jedwali moja moja, utashangaa jinsi migogoro mingi inavyoyeyuka. Bidhaa na bei ni za Kariakoo. Morogoro na Ifakara wanasoma. Mauzo ya duka ni ya duka hilo. Mienendo ya stoki vivyo hivyo. Na usiliache hilo kwenye nidhamu ya watu: kwenye MySQL ya Ifakara, mtumiaji wa programu ya mauzo apewe SELECT pekee, yaani ruhusa ya kusoma tu, kwenye jedwali la bei, ili siku mtu akijaribu kubadilisha bei kule akataliwe na databesi yenyewe, siyo na tangazo lililobandikwa ukutani.

Mzigo unaohamishwa kati ya maduka ndio huwachanganya wengi, kwa kuwa unaonekana kuwa wa wawili. Ugawe. Kariakoo inaandika "umetoka, boksi 20, kwenda Morogoro, hati namba fulani". Morogoro, gari likishafika na boksi zikahesabiwa, inaandika yake: "umepokelewa, boksi 19, kwa hati hiyohiyo". Hayo ni matukio mawili yenye wenyewe wawili. Boksi ambazo zimetoka na hazijapokelewa ziko njiani, na ile moja iliyopungua sasa ina mahali pa kuulizwa. Kwa mfumo wako wa sasa, mtu wa Kariakoo aliongeza stoki ya Morogoro kabla basi halijafika hata Chalinze.

Wateja ndio wagumu, sitakudanganya. Mtu mmoja anaweza kuandikishwa Morogoro na Ifakara kwa majina yaliyoandikwa tofauti. Usitumie namba ya simu kama ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha pekee cha kila rekodi, kwani laini moja hutumiwa na nyumba nzima, na watu hubadilisha laini. Duka lililomwandikisha mteja ndilo limiliki rekodi yake. Duka jingine likitaka kurekebisha, liandike ombi la marekebisho linalosafiri kama tukio na kukubaliwa kule. Wanaofanana waunganishwe na binadamu Kariakoo, mara moja kwa wiki, kwa jedwali dogo linalosema "huyu ndiye yule". Ukijaribu kuliendesha hilo kwa skripti, ipo siku utaunganisha historia ya dawa za watu wawili, na hapo kosa si la hesabu tena.

Risiti zilizofunikana zina sababu rahisi. Kila MySQL inahesabu namba zake kuanzia 1, kwa hiyo Morogoro ina risiti namba 1052 na Ifakara ina 1052 yake. Skripti ikikutanisha hizo mbili inadhani ni rekodi moja iliyobadilishwa. Kuna njia tatu. Unaweza kuzipangia seva ziruke namba kwa mipangilio ya MySQL ya auto_increment_increment (hatua) na auto_increment_offset (mwanzo), moja ikitoa 1, 4, 7, nyingine 2, 5, 8. Inafanya kazi, lakini siku ukifungua maduka mengine mawili mpangilio wote unaanza upya, labda uwe ulitanguliza hatua ya 10 au 20. Unaweza kutumia UUID, kitambulisho kirefu ambacho kila kompyuta hujitengenezea bila kugongana na nyingine, na ukienda huko tumia toleo la 7 lililowekwa kwenye kiwango cha RFC 9562 mwaka 2024, kwa sababu linaanza na muda na halitawanyi rekodi ovyo ndani ya InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi majedwali, kama toleo la 4 linavyofanya. Kwa maduka matatu mimi ningechukua ya tatu: ufunguo wa kolamu mbili, msimbo wa duka na namba. MOR-1052 na IFA-1052 hazitagongana kamwe, na mtu wa kaunta anaweza kuzisoma kwenye simu bila kung'ata ulimi.

Sasa kolamu ya muda. Wengi huiamini kupita kiasi. Tuseme Morogoro muuzaji anafunga mauzo marefu sekunde mbili kabla ya saa tano usiku. Rekodi inapewa muda huo, lakini muamala, yaani fungu la maandishi yanayokubaliwa yote kwa pamoja au kukataliwa yote, unakamilika sekunde tano baada ya saa tano. Skripti yako imeuliza saa tano kamili. Rekodi ilikuwa bado haijathibitishwa, kwa hiyo haikuonekana. Skripti inaandika "nimeshachukua mpaka saa tano", na kesho yake inauliza za baada ya saa tano. Rekodi ile haitachukuliwa milele. Hakuna kosa litakaloandikwa kwenye logi, wala taa nyekundu. Ongeza hapo kompyuta ambayo betri ya ubao mama imekufa, umeme ukikatika inarudi miaka ya nyuma, na kila inachoandika kinaonekana cha kale. Kwa kanuni ya "aliyeandika mwisho" duka hilo linashindwa kila shindano. Weka NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, kwenye mashine zote, ndiyo, lakini usijenge usahihi wa data juu ya saa ya ukutani.

Badala yake weka sanduku la kutuma. Ni jedwali katika kila duka ambalo, ndani ya muamala uleule unaoandika mauzo, linapokea pia nakala ya tukio. Muamala ukikamilika vyote viwili vipo, ukishindwa vyote viwili havipo. Skripti inachukua kila kilichomo ambacho hakijathibitishwa kupokelewa, bila kuangalia saa wala namba ya mwisho, inakituma, na inakitia alama pale tu upande wa pili unapojibu kwamba umekiandika. Jibu likipotea njiani, kitatumwa tena, kwa hiyo upande wa kupokea lazima ukubali kitu kilekile mara mbili bila kukihesabu mara mbili. Ule ufunguo wa kolamu mbili unakufanyia kazi hiyo kwa INSERT inayoruka rekodi iliyokwisha kuwepo. Ukiwa na hili huna sababu ya kusubiri saa tano usiku. Tuma kila dakika moja. Mtandao ukikatika, sanduku linajaa, ukirudi linajimwaga.

Bidhaa zinazofufuka nazo zimejieleza: rekodi iliyofutwa haina kolamu ya muda ya kuangaliwa, haipo tu, na duka jingine lenye nakala yake linaona wewe ndiye uliyeikosa, linakurudishia. Acha kufuta. Weka kolamu ya tarehe ya kuondolewa, programu iifiche bidhaa yenye tarehe hiyo, na uamuzi wa kuondoa utasafiri kama mabadiliko mengine.

Utauliza, kwa nini usitumie urudufishaji uliomo ndani ya MySQL yenyewe badala ya kuandika yako? Ni swali halali. Tangu toleo la 5.7 seva moja inaweza kufuata seva nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo Kariakoo ingeweza kufuata Morogoro na Ifakara, kila moja kwa njia yake, na ikikatika inaendelea palepale ilipoachia. Katika 8.0 logi ya mabadiliko, faili ambamo MySQL huandika kila kilichobadilika, hutunzwa siku 30 usipobadilisha mpangilio, muda wa kutosha kabisa. Shida zake mbili ni hizi. Seva inayofuata ndiyo inayoanzisha mawasiliano, yaani Kariakoo ndiyo itakayopiga hodi Ifakara, na ruta ya laini ya simu kwa kawaida haina anwani inayofikika kutoka nje. Utahitaji VPN, njia ya siri ndani ya intaneti, ambayo Ifakara inaifungua yenyewe kwenda Kariakoo; programu ya WireGuard inatosha. Ya pili ni kwamba ufuataji huo hauamui migogoro. Ukikutana na ufunguo unaojirudia unasimama na kosa 1062, ukikosa rekodi ya kubadilisha unasimama na kosa 1032. Hapo watu hutafuta namna ya kuliruka kosa ili kazi iendelee. Usiruke. Kosa hilo ni databesi inakuambia kwamba pande mbili hazifanani tena, na kila unaloliruka linaongeza tofauti.

Kuna pia SymmetricDS, programu huria iliyotengenezwa kwa hali kama yako. Inaweka triga, yaani maagizo yanayojiendesha kila rekodi inapobadilika, kwenye majedwali, inakusanya mabadiliko kwa mafungu na kuyapeleka kwa HTTP, na duka ndilo linaloweza kupiga kwenda makao makuu. Ukifika maduka kumi nitakusukuma huko. Kwa matatu, ukiwa peke yako na unajua PHP, naona sanduku la kutuma ni bora, kwa sababu siku likikwama utalifungua ulisome mwenyewe.

Chochote utakachochagua, kiwe na ukaguzi. Kila usiku kila duka litume idadi ya risiti na jumla ya shilingi kwa kila siku ya wiki iliyopita, na Kariakoo ilinganishe na ilichonacho. Zikitofautiana upate ujumbe asubuhi. Na usihesabu nakala tatu kuwa ni akiba ya dharura: mtu akiendesha DELETE bila WHERE, yaani amri ya kufuta isiyotaja rekodi zipi, kwenye jedwali la bei Kariakoo, urudufishaji utaipeleka Ifakara kwa uaminifu mkubwa. Mysqldump ya kila siku, kwenye diski isiyokaa imechomekwa, ibaki palepale.

Usifungue mlango wa 3306, ambao MySQL hupokelea mawasiliano, kwa intaneti nzima ili kurahisisha mawasiliano, hata kwa siku moja ya majaribio. Mna majina ya wagonjwa na dawa zao humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu.

Sehemu kubwa ya hayo utaiweza mwenyewe, jedwali moja baada ya jingine, ukianza na mienendo ya stoki. Palipo na haja ya mtu kuja dukani ni pawili. Kwanza, risiti zilizokwisha kufunikwa. Huenda zikarudishwa kutoka kwenye logi ya MySQL kama siku 30 hazijapita, lakini ni kazi ya mikono iliyozoea, na jaribio baya linaweza kufuta kilichobaki. Tafuta msimamizi wa databesi aliyewahi kusoma logi hiyo, afanyie kazi kwenye nakala, siyo kwenye mashine ya kaunta. Pili, dawa zinazodhibitiwa, kama diazepamu. Tofauti zake usizisahihishe kwa kukisia mbele ya skrini. Mfamasia msimamizi awepo, zihesabiwe rafuni na kulinganishwa na daftari. Hesabu hiyo, na ya bidhaa nyingine zote, ifanyike duka likiwa limefungwa, iingizwe kwenye jedwali jipya kama mwenendo wa aina ya "kuhesabu stoki" wenye jina la aliyehesabu, na rekodi za zamani ziachwe kama zilivyo, pamoja na makosa yake.